Helikopta Iliyoacha Bomu Ikabeba Maji

Leo nivumilie kidogo, tupite kwenye historia.

Tarehe 9 Mei 1962, helikopta yenye umbo la ajabu iliruka kwa mara ya kwanza huko Marekani. Mbele ilikuwa na chumba cha marubani, nyuma mkia mrefu, na katikati haikuwa na tumbo. Ulikuwa uti wa mgongo tu, na mzigo ulifungwa chini yake. Ilitoka katika kampuni iliyoanzishwa na Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kyiv, muumini aliyewahi kuandika kitabu juu ya Sala ya Bwana. Jeshi liliinunua likaiita Tarhe, jina la chifu wa Wawyandot lenye maana ya korongo. (Chifu huyo alijeruhiwa akipigana na Wamarekani mwaka 1794, na mwaka uliofuata akatia sahihi mkataba wa amani. Sijui kama waliochagua jina walilifikiria hilo!)

Kuanzia 1965 ilikuwa vitani Vietnam. Ilibeba mizinga na matingatinga, ikaokota mamia ya ndege zilizoanguka. Pia ilibeba bomu la kilo 4,500 hivi, ikaliangusha msituni ili mlipuko ulaze miti na helikopta nyingine zipate pa kutua. Hiyo ndiyo kazi iliyopewa: kufyeka msitu kwa moto.

Sasa nenda Oregon. Kampuni ya Jack Erickson ilikuwa ikitumia helikopta za aina hiyo za kiraia kuinua magogo milimani. Mwaka 1992 ilinunua kutoka kwa Sikorsky haki zote za aina hiyo, na ikawa inachukua zile zilizostaafu jeshini na kuzijenga upya. Pale chini lilipokaa bomu wakafunga tangi la maji, lita 10,000 hivi, na bomba nene linaloning'inia. Helikopta inasimama hewani juu ya bwawa, hata maji yakiwa ya kufika magotini, na kwa chini ya dakika moja tangi limejaa.

Moja ya hizo za jeshi inaitwa Elvis. Krismasi ya 2001, moto ulipoizunguka Sydney kule Australia, Elvis ilikuwa angani ikimwaga maji juu ya miti na mapaa ya nyumba za watu.

Umeona, mpendwa? Katika Isaya 2:4 upanga unafuliwa hadi unakuwa jembe. Hii haikuyeyushwa. Injini ni mbili zile zile, mapanga ya juu ni sita yale yale, na mgongo uliobeba bomu ndio unaobeba maji. Lakini haikupakwa rangi tu ikapelekwa motoni. Ilifunguliwa, ikakaguliwa, kilichochoka kikatolewa.

Hapa ndipo kanisa letu linanisumbua. Kijana anatoka kwenye genge, anaokoka Jumatano, na Jumapili tumeshampa maikrofoni atoe ushuhuda mbele ya kamera. Hakuna aliyekaa naye, hakuna aliyemkagua. Akianguka mwezi wa tatu, tunasema hakuokoka kweli. Au tunafanya kinyume: miaka 5 yuko benchi la nyuma, mtaani na kanisani bado anaitwa kwa jina lake la genge, na ule ujasiri wake tunaogopa kuugusa. Kijana huyo aliweza kuwaita wenzake 20 saa nane usiku na wakaja. Wewe na mimi tukiitisha kesha, wanakuja wangapi?

Kama yuko katika ushirika wako, unamjua. Mpigie simu wiki hii, kabla ya ibada ya Jumapili. Muulize zamani alikuwa akifanya kazi gani hasa katika lile kundi, na umsikilize hadi amalize.