Lorelei wa Mto Rhein: Ngano ya Mapokeo au Utungo wa Mwandishi?

Miongoni mwa pepo wa kike wa majini wanaosimuliwa katika nchi za Ulaya, Wajerumani hawana amshindaye Lorelei kwa umaarufu. Yeye ndiye mwanamke aketiye juu ya jabali la mto Rhein akichana nywele zake na kuimba, hata mabaharia wakasahau usukani na vyombo vyao vikavunjika. (Wenye kumwita nguva kwa Kiswahili humpa mkia asiokuwa nao.) Vitabu vingi humtaja kuwa urithi wa kale wa wenyeji. Dai hilo halina budi kuchunguzwa.

Jabali lenyewe ni la kweli. Liko karibu na mji wa St. Goarshausen, na kimo chake chapata mita 132 juu ya maji. Mto husongwa mahali hapo, mkondo ukawa mkali, na sauti hurudi kwa mwangwi. Hatari na mwangwi huo vilijulikana tangu zamani. Lakini mwanamke hakuwapo.

Alizaliwa mwaka 1801, katika riwaya ya Clemens Brentano iitwayo *Godwi*. Na hapo hakuwa pepo hata kidogo. Lore Lay wa Brentano ni binadamu, mkazi wa Bacharach, aliyeshitakiwa kwa askofu kwamba uzuri wake huwaangamiza wanaume. Mwenyewe aliomba kufa, kwa kuwa mpenzi wake alikuwa amemwacha. Askofu akashindwa kumhukumu, akaamuru apelekwe utawani. Naye njiani akapanda jabalini, akaanguka mtoni. Jina lake, kwa dhahiri, Brentano alilichuma katika jina la jabali, kwani *ley* katika lugha ya huko ni mwamba.

Mabadiliko yaliyofuata yalikwenda mbio ajabu. Mwaka 1818 Aloys Schreiber aliiingiza habari hiyo katika kitabu cha kuwaongoza wasafiri, akiiita hekaya ya mahali. Mwaka 1821 Otto Heinrich von Loeben alimfanya mwimbaji mwenye kupoteza watu, na mwaka 1824 Heinrich Heine akachapisha shairi lake mashuhuri, ambamo msimulizi adai kwamba kisa ni cha zamani sana. Wakati huo kilikuwa na umri wa miaka 23 tu! Friedrich Silcher alipolitilia shairi hilo lahani mwaka 1837, likaingia vinywani mwa watu.

Wako wataalamu ambao kwa sababu hiyo humfukuza Lorelei katika uwanja wa fasihi simulizi. Hukumu hiyo ni kali kupita kiasi, maana kilichopokewa na umma, kikaimbwa vizazi kadha, kimekuwa chao, hata kama mtungaji ajulikana. Kosa ni la wale wanaomtumia kuwa ushahidi wa dini za Wajerumani wa kale. Mchunguzi atakayekwenda St. Goarshausen akasimuliwa kisa hiki na mzee wa huko, atakuwa amesikia simulizi halisi ya wenyeji, ila umri wake hauvuki mwaka 1801.