Mbwa na Kuku katika Ua Mmoja

Msafiri apitaye vijijini mwetu wakati wa alasiri huona jambo ambalo, kwa kuwa ni la kila siku, hakuna alishangaaye. Mbwa amelala kivulini chini ya ghala, na hatua mbili mbele ya pua yake koo na vifaranga wake wanapekua takataka pasipo hofu. Mnyama alaye nyama na ndege aliwaye wanakaa ua mmoja kwa amani. Amani hiyo haikuwapo tangu asili. Ilitengenezwa na watu, na historia yake ni sehemu ya utamaduni wetu, ijapokuwa sisi tuandikao juu ya ngoma, mashairi na uhunzi tumeipita kama tupitavyo ua wa jirani.

Katika nchi nyingi za Wabantu aliyetangulia ni mbwa. Hakutokana na mbwa mwitu wa nyika zetu wala na bweha, bali na jamaa yao wa Ulaya na Asia, akaingia Afrika kwa njia ya kaskazini. Lugha yenyewe yashuhudia ukale wake. Wahaya na Waganda humwita embwa, Wanyarwanda imbwa, na wataalamu hulihesabu neno hilo miongoni mwa maneno ya kale kabisa ya Kibantu. Kuku naye ana jina lililoenea: enkoko kwa Wahaya, inkoko kwa Wanyarwanda, ngoko kwa Wasukuma. Lakini jina hilo si shahidi wa kuaminiwa sana, kwa sababu ndege huyu hujitaja mwenyewe. Aliyesikia mlio wake angeweza kumwita hivyo bila kuazima neno kwa mtu.

Asili ya kuku ni Asia ya Kusini-mashariki. Mifupa yake imefukuliwa katika miji ya kale ya pwani, kama vile Unguja Ukuu na Shanga katika visiwa vya Lamu, na yaonyesha kwamba aliletwa na vyombo vya Bahari ya Hindi katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kuitambua mifupa hiyo si kazi rahisi, maana yafanana mno na ya kanga na ya kwale. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alitaja nyama ya kuku miongoni mwa vitoweo alivyoandaliwa pamoja na wali. Bahari haikuwa njia ya pekee, kwa kuwa kaskazini mwa Ethiopia kuku walikuwako kabla ya Kristo.

Basi wageni hawa wawili walikutana, na kila mahali watu wakawapatanisha kwa desturi zao. Pwani, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo kuku walikaribishwa hata ukumbini, na mbwa akawekwa mbali na vyombo. Hata hivyo dini haikumkataza mtu kufuga mbwa wa kuwinda, wa kuchunga au wa kulinda shamba, na huko Unguja wasasi na mbwa wao wamefanya kazi kubwa ya kuwapunguza nguruwe mwitu waharibuo mihogo. Bara mbwa alilala uani, karibu na tundu la kuku, naye akawa mlinzi wake. Usiku huja kicheche na fungo. Mchana huja nguchiro. Mwewe tu ndiye asiyemjali mbwa, na yeye aliachiwa watoto na kelele zao.

Yafaa kusema wazi kwamba katika kaya nyingi mbwa alikuwa wa mume na kuku walikuwa wa mke. Mume alikwenda na mbwa msituni. Mke aliuza jogoo akapata chumvi, kanga au ada ya mtoto. Kwa hiyo mbwa alipokamata kuku, shauri halikuwa la wanyama wawili.

Njia za kumfundisha mbwa zilijulikana. Aliletwa angali mdogo, akakua miguuni pa makoo yasiyoogopa kumdonoa. Alilishwa kabla ya kuku kufunguliwa, kwani mbwa mwenye njaa hafundishiki. Kuku aliyenunuliwa alifungwa kamba siku kadhaa, ili azoee ua na ua umzoee, mbwa akiwamo. Ndipo wahenga waliposema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na kuku aliyekufa hakutupiwa mbwa, maana aonjaye mzoga leo hawezi kutofautisha kesho. Desturi hiyo ilikuwa na faida ambayo wazee hawakuwa na njia ya kuipima. Kideri, ugonjwa uliotambuliwa na wataalamu mwaka 1926, husambaa pia kwa mizoga iburutwayo kutoka ua hadi ua. Nyumba zilipokaribiana katika vijiji vya miaka ya 1970, kuku wa kaya kumi walichanganyika jalalani pamoja, na mzoga mmoja ukatosha. Siku hizi iko chanjo ya tone la jicho, kila miezi mitatu, nayo imeokoa matundu mengi. Lakini shimo la kuzikia mzoga bado lahitajiwa.

Si kila hukumu ya uani ilikuwa ya haki. Nyumbani kwa babu yangu, wilaya ya Handeni, alikuwapo mbwa aliyeitwa Hawachoki, jina alilopewa ili majirani wasengenyaji walisikie kila aitwapo. Mayai yalianza kupotea. Bibi alimshuku Hawachoki, babu akamtetea, na kwa majuma mawili chakula kililiwa kimya. Jirani alishauri yai la moto litiwe kinywani mwa mbwa, kama wafanyavyo wengine, babu alikataa. Mwishowe alimtoa kwa wawindaji wa kijiji cha pili, ili nyumba itulie.

Mayai yaliendelea kupotea. Siku ya mvua tulimkuta kenge chini ya ghala, tumbo limemjaa. Babu hakusema neno. Alitwaa fimbo yake akaenda kumrudisha mbwa wake. Alirudi jioni na habari kwamba Hawachoki alipasuliwa na nguruwe mwitu, na mkononi amebeba mtoto wa mbwa aliyepewa badala yake. Bibi alimpokea, akamnywesha uji, akamfunga kamba karibu na jiko, pale pale alipozoea kufunga kuku mgeni.