Mpaka Usio na Alama

Tarehe 25 Agosti 2012, Voyager 1, chombo kilichorushwa kutoka Florida mwaka 1977, kilikuwa kilomita bilioni 18 hivi kutoka kwenye Jua. Ghafla chembe zilizotoka upande wa Jua zikapungua hadi karibu kuisha, na miale ya kosmiki kutoka nje ikaongezeka. Je, kitu kilichotengenezwa na binadamu kilikuwa kimetoka kwenye himaya ya Jua kwa mara ya kwanza?

Edward Stone, mwanasayansi mkuu wa safari hiyo tangu 1972, hakuharakisha kusema ndiyo. Ilikosekana alama moja. Jua hujizungusha, na uga wake wa sumaku husokotwa pamoja nalo. Nje ya mpaka kuna uga mwingine, wa galaksi, usiofuata mzunguko wa Jua. Kwa hiyo ilitarajiwa kwamba chombo kikivuka, mwelekeo wa sumaku utageuka. Leonard Burlaga na wenzake walichunguza vipimo: nguvu ya uga ilikuwa imepanda, lakini mwelekeo haukugeuka kupita nyuzi 2.

Kifaa ambacho kingemaliza ubishi, cha kupima plazma, yaani gesi yenye chaji ya umeme, kilikuwa kimeharibika tangu 1980.

Msaada ulitoka kwenye Jua lenyewe. Machi 2012 lilikuwa limelipuka. Wimbi la mlipuko huo lilisafiri miezi 13, likakifikia chombo Aprili 2013 na kuitikisa plazma iliyokizunguka. Plazma ikiwa nzito, mtetemo wake huwa wa kasi zaidi. Don Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa aliusoma mtetemo huo: plazma ilikuwa nzito takriban mara 40 kuliko ya ndani. Septemba 2013, NASA ikatangaza kwamba mpaka ulikwisha kuvukwa mwaka mmoja nyuma.

Novemba 2018, Voyager 2 nayo ilivuka, kifaa chake cha plazma kikiwa kizima. Sumaku, kwa mara nyingine, karibu haikugeuka. Uga wa huko ni dhaifu takriban mara laki moja kuliko huu unaosogeza sindano ya dira duniani, lakini kipimo hakikukosea. Kilichokosea ni alama tuliyoichora sisi kabla hatujafika.