Kukanda misuli: mikono iliyotoka kwa majeruhi ikafika kwa mabingwa

Usiku wa kuamkia tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8. Habari hiyo inajulikana kote Kongo, hata kwa vijana waliozaliwa nyuma yake. Wachache wanamjua Luis Sarria, mzee kutoka Kuba aliyekuwa katika kundi la Ali kwa miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kumkanda Ali na kumsimamia kwenye mazoezi ya viungo. Ali alikuwa na miaka 32, Foreman 25. Mwenye umri mkubwa alihitaji misuli iliyotunzwa vizuri.

Wengi wakisikia neno masaji wanafikiri ni anasa ya hoteli au ya timu zenye pesa. Historia inasema mengine.

Katika Ugiriki ya kale, wanamichezo walipakwa mafuta ya zeituni na kusuguliwa kabla ya mazoezi na baada yake. Katika karne ya 2, daktari Galen wa Pergamo, mji ulio Uturuki ya leo, alitibu majeraha ya watu waliopiganishwa kwa silaha mbele ya watazamaji. Aliandika kwamba kusuguliwa kabla ya mazoezi hutayarisha mwili, na kusuguliwa baadaye hupunguza uchovu.

Mwaka 1813, Pehr Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya mwili mjini Stockholm, Uswidi. Baadaye katika karne ile ile, daktari Johan Georg Mezger wa Amsterdam alijulikana sana kwa kutibu wagonjwa kwa mikono. Kazi hiyo imebaki na majina ya Kifaransa hadi leo: effleurage ni kupapasa polepole, pétrissage ni kukanda kama unga wa mkate, friction ni kusugua, tapotement ni kupigapiga.

Kisha vikaja vita. Uingereza, wauguzi wanne walikuwa wameanzisha chama cha wakandaji waliosomea kazi hiyo mwaka 1894. Vita vya 1914 vilipoleta askari wengi wenye mikono na miguu iliyokakamaa, wanawake wenye ujuzi huo walihitajika hospitalini. Hapo ndipo kazi ya yule tunayemwita kiné ilipopata nguvu.

Namna ya kunyoosha misuli inayotumiwa na wachezaji wengi leo nayo ilitoka kwa wagonjwa. Katika miaka ya 1940, Marekani, daktari Herman Kabat na mwenzake Margaret Knott walikuwa wanasaidia watu waliopooza, wakiwemo wagonjwa wa polio. Mgonjwa alisukuma mguu dhidi ya mkono wa msaidizi, misuli ikakaza. Kisha alilegeza, na msaidizi akausogeza mguu mbele kidogo zaidi. Miaka ilipopita, wakufunzi wa michezo waliichukua namna hiyo. Mchezaji anayelala chini huku mwenzake akimwinulia mguu anafuata kazi iliyofanywa kwanza kando ya kitanda cha mgonjwa.

Kwa hiyo mama mhami anayemnyoosha mtoto wake mguu kila asubuhi haigi matajiri. Kazi hiyo ilikuwa ya watu kama mtoto wake kabla haijafika uwanjani.

Lakini mikono inaweza pia kuumiza. Kifundo kilichoteguka na kuvimba leo hakikandwi kwa nguvu. Siku mbili za kwanza kinapumzishwa, kinawekewa kitambaa cha maji baridi na kuinuliwa juu. Mfupa unaodhaniwa kuvunjika haukandwi kabisa. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, huenda kuna damu iliyoganda ndani. Ukiukanda, damu hiyo inaweza kwenda hadi kwenye mapafu na kuua. Huyo ni mgonjwa wa hospitali.

Kwa vijana wanaocheza mpira, kwanza wakimbie polepole mpaka mwili upate moto. Baada ya mechi, wanyooshe kila msuli kwa sekunde 30 hivi, bila kurukaruka. Msuli uvutike bila kuleta maumivu makali. Wengine husema kukandwa kunatoa asidi mwilini, lakini asidi hiyo huondoka yenyewe saa chache baada ya mchezo. Kukandwa kunasaidia kupunguza maumivu ya kesho yake.

Polio bado inaonekana Kongo. Mtoto ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla asianziwe kwa kukandwa nyumbani. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.