Dawa ya majani na mapafu ya mtoto

Najua mutauliza: agronomu anatafuta nini mu mapafu ya watoto? Mungojee kidogo. Dawa ya mashamba iko ndani ya hii historia.

Kuko watoto wanaozaliwa na tundu mu kiwambo, ule musuli unaotenga kifua na tumbo. Matumbo yanapanda mu kifua, na mapafu yanabaki madogo. Ni karibu mtoto 1 kwa watoto 3,000. Bochdalek, munganga wa Prague, aliandika juu ya tundu hilo mwaka 1848, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake.

Kwa miaka mingi waganga walifikiri hivi: matumbo yanabana mapafu, basi turudishe matumbo chini, tushone tundu, mapafu yatafunguka. Mwaka 1946 Robert Gross wa Boston alipasua mtoto ambaye hajatimiza saa 24, na mtoto akapona. Lakini wengine, hata wakipasuliwa vizuri, walikufa kwa kukosa pumzi. Juu ya nini?

Mwaka 1963 Areechon na Reid walichunguza mapafu ya watoto waliokufa. Walikuta njia za hewa zina matawi machache. Matawi hayo yanakamilika karibu wiki ya 16 ya mimba. Kwa hiyo ubaya ulianza mapema sana, na kushona tundu kisha kuzaliwa hakuwezi kurudisha tawi ambalo halikuota.

Sasa, shamba. Mwaka 1964 kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani ilianza kuuza nitrofeni, dawa ya kuua majani. Baadaye ilionekana kwamba panya mwenye mimba akipewa dawa hiyo karibu siku ya 9, anazaa watoto wenye tundu na mapafu madogo. Kwa panya hao, watafiti wa Rotterdam walionyesha mwaka 2000 kwamba mapafu yanaanza kukosa kukua mbele kiwambo hakijajengeka. Matumbo yanakuja kuongeza pigo la pili. Tundu si mama wa ubaya wote.

Na tena: mwaka 1941 Dorothy Andersen wa New York alikuwa amekwisha kuona tundu hilo kwa watoto wa panya waliokosa vitamini A. Nitrofeni inazuia mwili kutumia vitamini hiyo kujenga mtoto. Lakini mtu asitoke hapa kununulia mama vidonge: vitamini A ikizidi, nayo inaharibu mimba.

Panya si muntu, na hakuna aliyeonyesha kwamba nitrofeni ilitoboa kiwambo cha mtoto wa mtu. Hata hivyo Ulaya iliikataza mwaka 1988. Lakini mwaka 2002, kule Ujerumani, ilikutwa mu chakula cha kuku wa mashamba yasiyotumia dawa, sababu nafaka ilikuwa imewekwa Malchin, mu depo ya zamani ya dawa. Sheria ilipita, sakafu ilibaki.

Turudi kwetu. Kati ya 2013 na 2015, watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana na wengine 108 wasio na kilema. Kazi ya baba mu migodi ilihusiana sana na vilema. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Lakini muangalie lile neno: kinachoonekana. Mtoto mwenye tundu mu kiwambo, kwa nje anaonekana muzima. Akikosa pumzi usiku wa kwanza na hakuna radio ya kifua, atazikwa bila kuhesabiwa.

Sisi maagronomu hatushoni kiwambo. Lakini dawa zinazofika mashambani na sokoni zinapita mu mikono yetu. Tusome karatasi ya dawa mbele ya kuuza. Mama mwenye mimba asibebe pompe, asifue nguo za mwenye kupulizia. Na chupa tupu isirudi nyumbani kuwekwa mafuta.