Uzembe wa Nani? Egonomia na Kazi ya Duara Kiabakari

Ajali inapotokea katika machimbo madogo ya dhahabu, maelezo yake mara nyingi huishia kwenye neno moja: uzembe. Kamba imekatika, mpini wa winchi umemponyoka mtu, kiroba kimeangukia walio chini. Basi mhusika hakuwa makini. Hoja yangu ni kwamba katika ukanda wa dhahabu wa Kiabakari na Buhemba, wilayani Butiama, neno hilo hufunga uchunguzi pale pale ulipopaswa kuanza.

Kiabakari ina historia ndefu ya kazi hii. Mgodi wa enzi za ukoloni ulianza miaka ya 1930 na kufungwa miaka ya 1960, na baadaye wachimbaji wadogo wakayaandama mawe kwa moko (patasi ya chuma), nyundo na matimba (nguzo za mbao za kuegemeza kuta). Karasha za kusagia zimeingia, lakini kazi ya kutoa mawe ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, bado inategemea mgongo na viganja. Hapo ndipo egonomia, taaluma inayopima mwili na akili ya mtumiaji kabla ya kuunda chombo, inapokuwa na la kusema.

Mfano mmoja wa taaluma hiyo unatoka kwenye ndege: mwaka 1947 wanasaikolojia Paul Fitts na R. E. Jones walichambua simulizi 460 za makosa ya marubani wa Marekani katika kutumia vishikio vya ndege. Nusu ya makosa hayo yalikuwa ya namna moja: rubani alikamata kishikio hiki akidhani ni kile. Hapo kabla, makosa ya jinsi hiyo yalihesabiwa kuwa ya rubani, na hesabu ikaishia hapo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alikuwa amekwisha kuona kwamba katika ndege ya B-17 swichi ya magurudumu na ile ya vibawa vya kutulia zilifanana na kukaa jirani, hivyo rubani aliyekwisha kutua salama aliweza kukunja magurudumu ndege ikiwa ardhini. Dawa yake haikuwa semina. Kishikio kimoja kilipachikwa kigurudumu kidogo, kingine kabari, mkono ukajua umeshika nini hata macho yakiwa kwingine.

Tuitazame winchi ya mkono kwa jicho hilo. Gogo limelazwa juu ya nguzo mbili zenye panda, kila ncha ina mpini, na wawili wanazungusha. Kiroba kikifika mdomoni mwa duara, mmoja analazimika kuachia mpini ili akivute pembeni, na mwenzake anabaki na uzito wote kwa mikono yenye jasho na vumbi. Akiponyokwa, mpini unazunguka kinyume kwa kasi ya kuvunja mkono, na mzigo unarudi chini kuliko na watu. Umakini gani unaodaiwa hapo? Chombo hiki kinamtaka mtu asichoke hata mara moja kwa siku nzima. Gurudumu la meno lenye ulimi wa chuma unaozuia gogo kurudi nyuma lingebeba uzito huo badala yake, na ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa fundi mzuri wa kuchomelea.

Uzito wa kiroba chenyewe nao unahesabika. Kanuni ya kunyanyua mizigo iliyorekebishwa mwaka 1991 na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inaanza na kilo 23, kisha inapunguza kadiri mzigo unavyokaa mbali na mwili au mbali na kimo cha sentimita 75. Chukua kiroba cha kilo 50 kinachonyanyuliwa kutoka ardhini, mikono ikiwa sentimita 40 mbele ya vifundo vya miguu. Kwa vigezo hivyo viwili tu, kiasi kinachoshauriwa ni kama kilo 11. Kiroba hicho kikianzia kwenye jukwaa la sentimita 75, kiasi kinapanda hadi kilo 14 na kidogo. Jukwaa linasaidia, ila halihalalishi kilo 50 kwa mgongo mmoja.

Mtaalamu wa mezani atasema, basi tumieni viroba vidogo. Hapa ndipo mara nyingi tunapokosea sisi wasomi. Machimboni kiroba si mzigo tu, ni kipimo cha mgao kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Ukigusa ukubwa wake umegusa ujira, na ugomvi utazuka kabla ya jua kuzama. Inawezekana kuhesabu viroba vidogo viwili kama kimoja, lakini pendekezo hilo litoke kwa wanaogawana. Pampu ya maji ya Afridev, iliyojaribiwa Kwale, Kenya, miaka ya 1980, inaonyesha kwamba usanifu unaweza kuanza na watumiaji: ilisanifiwa ili watu wa kijijini, wanawake wakiwemo, waweze kuifungua kwa spana moja na kuchomoa vipuri vya ndani bila kung'oa bomba zima. Swali la nani ataitengeneza lilikuwa sehemu ya usanifu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwelekezea mwajiri wajibu. Katika duara la mgao, mwajiri ni nani? Mwenye leseni atasema hana mfanyakazi, ana wabia; mwenye duara atasema naye anasubiri viroba vyake. Kwa maoni yangu, gharama ya ulimi wa chuma na jukwaa ikatwe kwenye fungu la mwenye leseni kabla ya mgao, kwa sababu ndiye pekee ambaye jina lake limeandikwa katika kumbukumbu za Tume ya Madini. Na mkaguzi anayefika baada ya ajali apime kwanza uzito wa mzigo, kimo cha kunyanyulia na kama winchi ina kizuizi. Vipimo hivyo vitatu vinahitaji mizani, futi kamba na macho, na vikikosekana, fomu yenye neno uzembe irudishwe kwa aliyeijaza.