Kupindua Kigubiko: Historia ya Utambuzi wa Trakoma

Trakoma, ugonjwa ambao Watanzania wengi huuita vikope, huletwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis, anayehama kutoka jicho la mtoto mmoja hadi la mwingine kwa vidole, kwa nguo za kujifutia na kwa inzi wanaofuata tongotongo na makamasi. Maambukizi ya mara moja hupona, lakini yanayorudi mwaka hadi mwaka huacha makovu upande wa ndani wa kigubiko, yaani ngozi inayofunika jicho, na makovu hayo yanapojikunyata huvuta ukingo wa kigubiko hadi kope zikaanza kusugua konea, ambayo ni kioo cha mbele ya jicho, na kuitia ukungu usioondoka. Kwa kuwa dalili za mwanzo zimejificha, hakuna awezaye kuzitambua pasipo kukipindua kigubiko cha juu, na kwa sababu hiyo historia ya trakoma ni pia historia ya kitendo hicho: nani alikitenda, kwa nani, na kwa nia gani.

Matabibu wa macho wa ulimwengu wa Kiislamu, akiwemo Ali bin Isa wa Baghdad aliyeandika Tadhkirat al-Kahhalin, waliujua ugonjwa huu kwa jina la jarab na kuueleza kwa makini. Ulaya iliushtukia baadaye, pale majeshi ya Napoleon yalipoingia Misri mwaka 1798 na, pamoja na ya Waingereza waliowakabili, kurudi makwao na askari waliokuwa wakipofuka. Hospitali ya macho ya Moorfields, iliyoanza London mwaka 1805, ilizaliwa katika hofu hiyo.

Hofu ndiyo iliyotawala vilevile huko Marekani, ambako trakoma ilitiwa mwaka 1897 katika orodha ya magonjwa ya hatari ya kuambukiza. Katika kisiwa cha Ellis, kwenye bandari ya New York, wahamiaji walipangwa foleni na madaktari wakawapindua vigubiko kwa vidole au kwa kulabu ya kufungia vifungo vya viatu, na waliokutwa na ugonjwa wengi walirudishwa walikotoka, mara nyingine wakitenganishwa na jamaa zao. Uchunguzi ulikuwa sahihi kwa kadiri ya elimu ya wakati huo, lakini haukumnufaisha aliyechunguzwa, na kasoro hiyo si ndogo.

Nchini Misri, mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Mwingereza Arthur MacCallan aliyesimamia hospitali za macho zilizowekwa katika mahema aliugawa ugonjwa katika hatua nne, kuanzia vijipele vya mwanzo hadi kovu lililopoa. Mgawanyo wake ulidumu miongo mingi, ila ulihitaji jicho la bingwa, naye bingwa hakufika vijijini. Mwaka 1957 wanasayansi wa Beijing wakiongozwa na Tang Feifan walichapisha habari za kumtenga na kumkuza bakteria mwenyewe, lakini maabara nayo ilikuwa mbali na wagonjwa.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1987, Shirika la Afya Duniani lilipotoa utaratibu wa dalili tano tu: vijipele vitano au zaidi, kila kimoja kisichopungua nusu milimita, katikati ya utando wa ndani wa kigubiko cha juu; uvimbe mzito unaoficha zaidi ya nusu ya mishipa ya damu ya utando huo; makovu; ukope hata mmoja unaosugua jicho; na ukungu wa konea unaofunika mboni. Muuguzi aliyefunzwa, mwenye miwani ya kukuza na mwanga wa kutosha, aliweza sasa kutoa jibu ambalo bingwa angelitoa, na thamani ya hatua hiyo hailingani na udogo wa sifa iliyopewa.

Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ni miongoni mwa mahali ambapo utaratibu huo ulitumika kwa utafiti wa muda mrefu. Katika nchi hiyo kame, ambako wanawake hutembea mbali kuteka maji, watafiti walibaini kuwa maji yanayotosha kuosha nyuso za watoto ni machache kuliko wenyeji walivyokadiria. Kisha jaribio lililochapishwa mwaka 1995 likaonyesha kuwa katika vijiji vilivyopewa dawa pamoja na kampeni ya kunawa uso, trakoma kali ilipungua kuliko katika vile vilivyopewa dawa peke yake.

Dawa yenyewe ilikuwa mafuta ya tetrasaiklini, ambayo hupakwa machoni kwa wiki sita na ambayo wengi huyaacha njiani, mpaka utafiti wa Gambia wa mwaka 1993 ulipoonyesha kuwa dozi moja ya azithromaisini ya kumeza hufanya kazi sawa. Tangu mwishoni mwa muongo huo dawa hiyo imegawiwa bure, Tanzania ikiwa kati ya nchi za kwanza kuipokea, na watoto hupimwa urefu kwa fimbo ili kujua kipimo chao. Oman ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, kuwa imeutokomeza ugonjwa kama tatizo la afya ya jamii.

Makovu, hata hivyo, hayaondoki pamoja na bakteria. Wanawake, ambao kwa kulea watoto huambukizwa mara nyingi zaidi, huendelea kupata kope zinazosugua jicho miaka mingi baada ya maambukizi kukoma kijijini, wengine wakizing'oa kwa kibano ilhali zitaota tena, na kwa hiyo upasuaji wa kurekebisha kigubiko utahitajika hata katika wilaya ambazo watoto wake hawana tena kijipele kimoja.